Matembezi ya wastaafu Mbeya: uzoefu wangu na kikundi chetu cha Uyole

Joto la Dar likianza kukolea, Novemba hivi, mimi na mzee wangu tunafunga nyumba Tabata na kupanda Mbeya. Tunateremka baada ya Pasaka, kabla ubaridi wa Juni na Julai haujaingia, maana magoti yake hayauwezi kabisa. Hapa Uyole tuko wengi wa namna hiyo: waliojenga zamani wakiwa kazini, wanaopanga vyumba kwa msimu tu, na wenyeji waliostaafia hapahapa. Tuna kikundi cha shughuli za pamoja na matembezi, na kwa kuwa kila anayehamia huniuliza kama kinafaa, naandika niliyoyaona.

Kinafaa sana, na si kwa sababu ya mahali tunakopelekwa. Mbeya haikosi mahali pa kwenda. Hata kijana mwenye pikipiki atakuzungusha. Ubora wa kikundi hiki ni kwamba safari inapangwa kwa kuangalia mwili wa mtu mzima. Siku mbili kabla ya kuondoka tunakutana kwa mwanachama mmoja, chai na viazi vitamu mezani, na muuguzi mstaafu anampima kila mmoja presha na sukari. Dawa unazotumia zinaandikwa kwenye kaunta buku pamoja na simu ya mwanao. Wenye miguu mibovu wanapewa viti vya mbele vya Coaster. Kuchimba dawa nako si porini. Katibu anapiga simu mapema kwenye kituo cha mafuta au parokia yenye choo cha kukaa, na gari linasimama mara kwa mara bila mtu kulazimika kuomba. Aliyewahi kujibana toka Makambako hadi Iringa kwa kumwonea haya kondakta atanielewa.

Safari iliyonigusa kuliko zote ni ya Kitulo. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 2005, na wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Maua yake huchanua msimu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, yaani wakati uleule ambao sisi wa msimu tuko huku. Njia ziko mbili. Ya Chimala inapanda Matamba kwa kona zile maarufu, Hamsini na Saba, na mwenye kizunguzungu hazimfai. Kamati ikachagua kupitia Isyonje. Kule juu ni kama mita 2,600, pumzi inakuwa fupi, kwa hiyo tulitembea pole pole, hatua chache na kusimama, na hakuna aliyetuharakisha. Beba kitambulisho cha taifa, maana kiingilio cha raia ni nafuu.

Katikati ya majani, bwana shamba mmoja mstaafu alipiga goti taratibu, akatuonyesha okidi ndogo isiyozidi urefu wa kiganja. Akatueleza kwamba chini yake kuna kiazi, na kwamba kwa miaka mingi viazi hivyo vilichimbwa kwa magunia na kuvushwa Zambia, ambako vinapikwa chakula kiitwacho chikanda. Kiazi kikishachimbwa, ua hilo limekwisha. Hiyo ni moja ya sababu za eneo hili kulindwa. Bibi mmoja wa Rungwe akadakia kwamba kwao pia walikula, akaanza kueleza vinavyopikwa na karanga, na tukakaa pale hadi ukungu ukatufunika. Mazungumzo kama hayo huyapati kwa kwenda peke yako na dereva wa kukodi.

Daraja la Mungu na Kijungu ni za siku moja, karibu na rahisi. Unauona mwamba uliokatiza juu ya Mto Kiwira, unasikia maji yanavyonguruma yakibanwa, unarudi nyumbani mapema. Kwa mgeni ndiyo safari ya kuanzia.

Ziwa Ngozi kamati imelikataa msimu wa mvua, na hapo palizuka mjadala mkali. Njia ya msituni inateleza, na kipande cha mwisho kuelekea ukingoni ni mpando mkali. Wenye nguvu wanalalamika kwamba wananyimwa. Mimi naona kamati iko sahihi kwa mvua, ila wanaoweza wangetafutiwa siku yao kavu, na mwongoza njia wa kuaminika. Kuwa mstaafu si kuwa mgonjwa.

Matema ni habari nyingine. Tuliteremka Tukuyu hadi Kyela na kulala usiku mmoja kando ya Ziwa Nyasa. Jumamosi tukaenda mnada wa Lyulilo, ambako akina mama wa Kikisi huleta vyungu vyao kutoka Ikombe. Nilinunua kimoja cha mboga baada ya muuzaji kukigonga kwa kidole ili nisikie mlio wake kwamba hakina ufa. Tulikula mbasa, samaki wa ziwa hilo, na wali wa Kyela. Lakini malazi hayakufaa: vyoo vya kuchuchumaa, tena nje, gizani, na tulishamwambia mwenye nyumba umri wetu. Mama mmoja mwenye nyonga iliyofanyiwa upasuaji hakunywa maji jioni yote. Safari ya kulala, mtu wa kamati atangulie akakague choo kwa macho yake.

Na madereva pia wachaguliwe. Yule wa Matema alikuwa anakimbiza gari kwenye mteremko wa Tukuyu hadi mwenyekiti akamwambia, "Mwanangu, sisi hatuna mwajiri anayetusubiri." Akapunguza, lakini moyo ulikuwa umeshatupanda kooni.

Siku za kawaida kuna bao, kwaya, na kutembelea wagonjwa. Msimu uliopita nililazwa kidogo kwa kifua. Wenzangu walipeana zamu ya uji, na mzee wangu hakulala peke yake nyumbani hata usiku mmoja. Watoto wetu wote wako mbali. Siwezi kukipima kitu hicho kwa fedha.

Jambo moja naliomba kwa kamati. Ada ya mwezi tunalipa mwaka mzima hata tukiwa Dar, sawa, kwa sababu misiba na wagonjwa havingoji msimu. Ila mchango wa safari za Julai na Agosti usikatwe kwa wasiokuwepo. Na ratiba ya Novemba itumwe kwenye kundi la WhatsApp mapema, mwezi wa tisa, ili anayepanda na treni ya TAZARA apate nafasi ya behewa la kulala kabla hazijajaa.

Anayetaka kujiunga aje na sweta zito, koti la mvua, kadi ya bima na orodha ya dawa zake. Magonjwa yake ayataje yote siku ya kwanza, asione aibu.