Vihami joto vya paa: kipi kinunuliwe kwanza

Ukiingia katika nyumba ya mabati isiyo na dari mjini Gulu, saa tisa alasiri mwezi wa Januari, inua uso kuelekea paa na utahisi joto likikushukia kana kwamba umesimama karibu na sigiri. Uganda imepitiwa na ikweta, jua la mchana halikai mbali na utosi mwaka mzima, na kwa hiyo paa hupokea moto mwingi kuliko kuta. Ndiyo sababu nashauri kwamba fedha ya kwanza itumike huko juu kwa kihami joto, yaani kitu kinachozuia joto lisipite, kabla ya kununua feni au kiyoyozi kitakachotumia umeme kila siku.

Nafasi ya kwanza naipa karatasi ya alumini inayofungwa chini ya mabati. Bati lililopata moto hupeleka joto chini hasa kwa njia ya mnururisho, yaani joto linalosafiri kama miale, na alumini inayong'aa huzuia sehemu kubwa ya mnururisho huo, mradi upande wake unaong'aa uachiwe nafasi ya hewa ya angalau sentimita 2.5; upande huo ukigusana na kitu kingine bila nafasi yoyote, faida hiyo hupotea. Upande huo uelekee chini, mahali ambapo vumbi haliwezi kutua na kuufifisha. Dukani, shika pembe yake ujaribu kuichana: iliyo bora ina wavu wa nyuzi ndani, na ile inayochanika kama karatasi ya peremende haitahimili mikono ya mafundi. Nasisitiza pia kwamba umeme uzimwe kwenye swichi kuu wakati wa kuifunga, kwa kuwa alumini hupitisha umeme, na waya mmoja uliochubuka unaweza kumuua fundi.

Ya pili ni pamba ya kioo, yaani nyuzi laini za kioo, inayolazwa juu ya dari. Kwa wakazi wa Kabale, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000, ningeiweka ya kwanza, maana shida yao kubwa ni baridi ya usiku. Kinachofanya kazi ni hewa iliyonaswa kati ya nyuzi, hivyo pamba ya milimita 100 iliyobanwa ikabaki 50 imepoteza karibu nusu ya uwezo wake, na iliyolowa haifai kitu. Ziba matundu ya misumari kwanza. Anayeilaza avae barakoa, glavu na mikono mirefu. Itapunguza pia kelele ya mvua, jambo ambalo wenye watoto wachanga watalishukuru.

Rangi nyeupe ya paa ni ya tatu. Huwafaa wenye paa kuukuu na fedha kidogo, lakini vumbi jekundu la barabara za murramu huifunika, na lazima ioshwe. Anayekinga maji ya kunywa kutoka paani ahakikishe kwamba rangi hiyo imeruhusiwa kwa matumizi hayo.

Polistirini, yaani povu gumu la plastiki, naiweka mwisho. Ni nyepesi na huzuia joto vizuri, lakini ikishika moto hudondosha matone yanayowaka na kutoa moshi wenye sumu, kwa hiyo isikaribie jiko la mkaa hata kidogo.

Unapokwenda kununua karatasi ya alumini, pima paa lenyewe kwa kufuata mteremko wake, wala si sakafu, kisha ongeza kiasi cha kutosha ili maungio yapishane kwa sentimita 15.