NAS ya nyumbani: boksi lenyewe poa, shughuli iko kwenye kushea

Wakuu, hii NAS nimekaa nayo muda wa kutosha sasa naweza kuisemea. Kwa asiyeijua, ni kiboksi cha diski unachokichomeka kwenye ruta kwa kebo, afu kila mwenye simu au laptopu humo ndani anayaona mafaili yaleyale. Mi nahariri video za harusi na sendofu, mama watoto ana mapicha ya miaka na miaka, droo ilishajaa eksteno (diski za kuchomeka kwa USB) na hakuna aliyekuwa anajua ipi ina nini.

Yangu ni ya diski mbili. Boksi linauzwa tupu, diski unatafuta mwenyewe na hapo ndo hela inapoenda. Niliweka mbili za 4TB nikachagua RAID 1, yani kila kinachoandikwa kinaenda kote kuwili, moja ikifa nyingine inadunda. Kwahiyo usitegemee 8TB, utapata 4, na Windows itakuonyesha kama 3.6 hivi kwa sababu yenyewe inahesabu kwa 1024 wakati mwenye kiwanda anahesabu kwa 1000. Hujaibiwa. Kuiwasha na kuformati unafanyia kwenye brauza, hamna mtihani.

Sasa njoo kwenye kushea. Boksi lilivyokuja lilikuwa na folda moja iliyo wazi, yeyote anaingia kama mgeni bila pasiwedi, kwenye simu ikafunguka freshi kabisa, laptopu yenye Windows 11 ikagoma, inasema sera za usalama zinazuia kuingia kama mgeni. Ukitafuta mitandaoni utakutana na mafundi kibao wanakwambia washa SMB1, yani toleo la zamani la lugha ambayo Windows inatumia kushea mafaili, au kachezee rejista, yale mafaili ya mipangilio ya ndani ya Windows, ili wageni waruhusiwe. Usifanye, aisee. SMB1 ndo mlango aliopitia WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili ya watu na kudai hela, Mei 2017, na ndo maana Windows mpya zinakuja ikiwa imezimwa. Kwangu mimi laptopu ndo ilikuwa inaongea ukweli na boksi ndo lilikuwa limelala milango wazi.

Dawa yake ni ndogo tu ila watu wanaona uvivu: kila mtu mtengenezee yuza wake na pasiwedi yake, folda ya mgeni ua kabisa. Mi nina folda tatu, Familia, Kazi na Bakapu. Watoto kwenye Familia wanasoma tu, hawafuti wala hawaandiki, mama watoto anafanya anachotaka humo, Kazi naiona peke yangu, na akaunti ya admini situmii kufungulia mafaili hata siku moja. Halafu washa pipa la taka la kila folda, manake ukifuta kitu kupitia mtandao hakiendi kwenye pipa la laptopu, kinapotea jumla.

Kuna kero moja itakutesa kama hujaambiwa. Windows haikubali uingie kwenye boksi moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja, sasa kama ilishakushika kama yuza fulani, ukijaribu kuingia na jina lingine inakurudishia meseji ndefu utadhani pasiwedi ndo mbovu. Fungua CMD (dirisha la kuandikia amri) andika net use * /delete, kafute na pasiwedi iliyosevu kwenye Credential Manager, pale Windows inapotunza pasiwedi, ingia upya. Mac haisumbui hivyo, Command na K, unaandika smb:// na namba ya boksi kwenye mtandao (IP), kwisha, ila itakujazia vifaili vya .DS_Store, vya mipangilio ya folda za Mac, kila kona. iPhone toka iOS 13 inaingia kwa Files yenyewe, Android weka VLC kama unataka video tu.

Namba ya boksi nayo ifunge kwenye ruta, kule kwenye DHCP, sehemu inayogawia vifaa namba, la sivyo umeme ukikata na kurudi linaweza kupewa namba nyingine na nyumba nzima inaanza kukupigia simu kwamba "mafaili yamepotea".

Spidi sasa. Watu wanalaumu boksi wakati tatizo ni ruta, zile za bure tunazofungiwa na watu wa intaneti nyingi matundu yake ni ya 100Mbps, hapo hupati zaidi ya MB 11 au 12 kwa sekunde, video ya harusi ya GB 60 utalala ukaamka. Nilinunua swichi ndogo ya mtandao (kiboksi cha kugawa matundu ya kebo) ya gigabiti, boksi na kompyuta ya kazi zote nikazichomeka pale, sasa inacheza kwenye MB 110. Hapo ndo nikaanza kuipenda.

RAID sio bakapu lakini, ukifuta faili linafutika kote kuwili kwa wakati mmoja. Eksteno moja ya zamani nimeichomeka nyuma ya boksi kwa USB, inakopi kila usiku. Na usilifungulie boksi njia ya kutokea intaneti ili eti uone mafaili ukiwa safarini, 2022 kirusi cha DeadBolt kilikamata NAS nyingi za kampuni ya QNAP zilizokuwa wazi hivyo kikafunga mafaili ya watu na kudai bitkoini. Ukilazimika tumia VPN, yani njia iliyofungwa ya kuingia mtandao wa nyumbani ukiwa nje.

TV inaona video kwa DLNA, njia ya boksi kurushia video kwenye TV kupitia mtandao wa nyumbani, raha sana, ila DLNA haiulizi pasiwedi, chochote ulichoiruhusu ionyeshe kinaonekana na kila aliyepewa wifi. Kwahiyo nimeipa folda ya Familia peke yake. Bibi harusi hajanilipa ili mashemeji zangu wamwangalie wakisubiri taarifa ya habari.