Betri ya Kimiminika na Betri ya Hali Mango: Ipi Salama Zaidi?
Betri ya kawaida ya lithiamu hubeba kimiminika kinachowaka kwa urahisi, na ikitobolewa, moto wake huwa mgumu kuuzima. Betri ya hali mango huweka mahali pake tabaka gumu, mara nyingi la kauri, lakini hapo ndipo shida yake inapoanzia: lithiamu hupenya katika nyufa ndogo za kauri, mithili ya mzizi ukutani, hadi iguse upande wa pili na kusababisha shoti. Kwa maoni yangu hii ya pili ina nafuu kuhusu moto, ingawa si salama kabisa, kwani lithiamu huyeyuka kwenye nyuzi joto 180 hivi za Selsiasi, na aina zenye salfaidi (kampaundi ya salfa) zikikutana na unyevu hutoa gesi ya sumu inayonuka kama yai viza.