Barakoa ya kupulizia salfa: nimeivaa msimu mzima, nawapa majibu

Habari zenu wadau, mimi niko huku Newala, nina mikorosho kama 200 na napuliza mwenyewe. Miaka yote nilikuwa najifunga kanga puani naona imetosha, jioni ukipenga kamasi linatoka la njano kama binzari, usiku mzima kukohoa na macho yanawasha. Mwaka huu nikasema basi, nikanunua ile barakoa ya mpira yenye vichujio viwili pembeni, nimeipata duka moja Mtwara mjini kwa elfu 45. Nimekuwa nayo kuanzia Juni mpaka raundi ya mwisho kwa hiyo ninachoandika hapa nimekiona.

Kwa vumbi la salfa hii kitu ni kiboko. Ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa mikorosho tunaoupulizia salfa, hauna huruma, mti mmoja unakula kama robo kilo ya salfa kila raundi, sasa piga hesabu, miti 200 ni mifuko miwili ya kilo 25 inaruka hewani na wewe uko katikati yake mashine mgongoni. Nikimaliza, vile vitambaa vyeupe vya mbele ya kichujio vinakuwa njano tupu, ila ukiivua ukapangusa kwa ndani na kitambaa kisafi hakitoki kitu. Kamasi safi, na nalala usingizi kama watu wengine.

Tatizo ni vichujio. Dukani walinipa vyeusi, muuzaji anasema zote ni sawa tu. Si sawa jamani! Vyeusi ni vya mvuke wa rangi na thina, kwa vumbi unatakiwa uwe na kichujio kilichoandikwa P2 au P3 au N95, hiyo 95 maana yake kinazuia angalau asilimia 95 ya chembe ndogo. Nilirudi kuvitafuta vya vumbi, elfu 12 nyingine imeondoka, muuzaji alitakiwa aniambie toka mwanzo.

Na salfa ikiungua ni habari nyingine kabisa. Raundi ya pili vijana walichoma mifuko mitupu pembeni ya shamba, ile salfa iliyobaki ndani inawaka moto wa bluu halafu inatoa gesi ya salfa dioksaidi, inakaba koo papo hapo. Kichujio cha vumbi hakiizuii, unahitaji vile vya njano vya gesi za asidi. Mtoto wa jirani ana pumu, alibanwa kifua mpaka tukambeba zahanati, na kutoka siku ile mfuko hauchomwi kwangu. Hii ndiyo gesi ile ile inayotoka kwenye makaa ya mawe na dizeli chafu, ikikutana na unyevu angani inarudi chini kama mvua ya asidi. Hata salfa hii tunayopuliza ikidondoka ardhini bakteria wanaigeuza asidi pole pole, miaka na miaka, kwa hiyo usimwage ovyo ukidhani inaishia kwenye majani.

Sasa hili naomba mlisome vizuri. Mwezi wa saba huku juu baridi kali, mama yangu akaniambia mwanangu niazime hiyo barakoa yako niingize jiko la mkaa chumbani nipate joto. Nikamwambia hapana mama, hii haikusaidii. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, inang'ang'ania kwenye damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, unalala huamki. Hakuna kichujio cha kwenye barakoa hizi kinachoishika, si cheusi, si cha njano. Na ule moshi wa kuni tuliouzoea una chembe ndogo kuliko hata salfa, zile wanaita PM2.5, mwenyewe hata huzioni, zinapita mapafu zinaingia kwenye damu, moyo na kiharusi vinaanzia humo. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Inaniuma kwa sababu gesi asilia inachimbwa Mnazi Bay hapo hapo mkoani kwetu na mama zetu huku bado wanapuliza kuni kwa mdomo.

Mengine ya haraka. Ndevu nyoa, mpira haukai vizuri vumbi linapenya pembeni. Jasho linajaa kidevuni, kila nusu saa unasimama unamwaga. Kuongea na mwenzako huwezi, tulikuwa tunaonyeshana kwa mikono. Macho haiyalindi kabisa, nunua na miwani ya kufunga. Ukishafika mahali unavuta pumzi kwa nguvu ujue vichujio vimeziba, badilisha, usikung'ute.

Na inamlinda aliyevaa tu. Nyumba ya jirani iko upande wa kusini wa shamba na kuna kichanga, kwa hiyo upepo ukielekea kule nazima mashine hata kama bado miti kumi, tunamalizia kesho yake alfajiri umande ukiwa bado haujakauka.

Nyota 4 kati ya 5, hiyo moja nimeikata kwa vichujio vya kudanganyana. Mama tumemnunulia blanketi zito, jiko limehamia barazani.