Nyanya kwenye udongo usio na piti: uzoefu wangu hapa Leicester

Nyanya zinakubali, tena zinazaa vizuri. Naanza na hilo kwa sababu Waswahili wenzangu hapa Leicester wakiona ndoo zangu nje ya nyumba, swali lao ni moja: huu udongo mpya wa mifuko unafaa kweli au tunaibiwa? Unafaa. Ila mifuko haifanani hata kidogo, na ukiumwagilia kwa mazoea ya ule wa zamani utaishia kuilaumu mbegu bure.

Kwa asiyejua habari ilipoanzia: kwa miaka mingi udongo wa mifuko Uingereza ulitengenezwa kwa piti, ile mboji nyeusi inayochimbwa kwenye vinamasi. Ndugu zetu wa Rwanda wanaijua kwa jina la nyiramugengeri, na kule Gisagara inachomwa kuzalisha umeme. Piti hujijenga polepole mno, kiasi cha milimita moja kwa mwaka, na ikishachimbwa, kaboni iliyolala humo maelfu ya miaka inapanda hewani. Mwaka 2022 serikali ilitangaza kwamba itapiga marufuku kuwauzia piti wakulima wa nyumbani kufikia 2024. Mwaka huo ukapita, sheria haikuja, lakini maduka mengi yalikuwa yameshaiondoa yenyewe kwenye rafu.

Badala yake wanaweka nyuzi za mbao, magome ya miti yaliyoozeshwa, taka za bustani zinazokusanywa majumbani na halmashauri, na makumbi ya nazi. Kila kiwanda kinachanganya kivyake. Ndiyo maana mtu mmoja atakuapia kwamba nyanya zake zilidumaa na jirani yake atakuonyesha ndoo iliyoinama kwa matunda, na wote wawili wanasema kweli.

Nianze na ule wa bei rahisi, wa supamaketi. Sina neno zuri la kuusemea. Nilipoupasua mfuko nilikutana na vijiti vya urefu wa kidole, vipande vya plastiki ya buluu na kigae cha kioo cha ukubwa wa ukucha, jambo ambalo kwa mtu anayechanganya udongo kwa mikono mitupu si dogo. Miche ilishika, kisha majani ya chini yakaanza kugeuka manjano. Sababu inajulikana: mbao ambazo hazijaoza sawasawa zinaendelea kuozea ndani ya ndoo, na vijidudu vinavyozioza vinakula naitrojeni ambayo mche ulikuwa unaitegemea. Mbolea ya maji iliirudishia rangi, ila hapo unafuu wa bei umeshaisha. Nyota mbili, na moja ni ya huruma. Siku hizi nikiupata kwa bei ya chini kabisa naumwaga juu ya tuta kufunika udongo, basi.

Wa magome na nyuzi za mbao, uliokuwa ghali kidogo, ni habari nyingine. Mwepesi, hauna uchafu, mizizi inapenya bila shida. Huu ndio ulionifundisha kumwagilia upya. Piti ikikauka unaiona: inabadilika rangi, inasinyaa na kuachana na ukingo wa ndoo. Huu unakudanganya. Juu unakauka mapema na kuwa wa hudhurungi iliyopauka, ukidhani mmea unakufa kwa kiu, kumbe ukichomeka kidole hadi kiungo cha pili unakuta majimaji. Anayemwagilia kwa kutazama tu anaozesha mizizi. Mimi siku hizi nainua ndoo kwa mkono mmoja: ikiwa nyepesi napiga maji, ikiwa nzito naiacha. Na napiga kidogo kidogo, mara nyingi, maana ukimimina mengi kwa mkupuo yanapita katikati ya zile nyuzi na kutokea chini, yakikimbia na mbolea yako.

Hapo ndipo kuoza kitako kunapoingia. Lile doa jeusi chini ya nyanya watu wanaliita ugonjwa na kukimbilia dawa, wakati mara nyingi ni tunda kukosa kalisi, yaani madini ya kalsiamu, nayo inasafiri na maji. Maji yakija leo kwa wingi na kesho yakikosekana, tunda linakosa haki yake hata kama kalisi imo tele kwenye udongo. Tangu nianze kupima kwa uzito wa ndoo, hayo madoa yamekuwa nadra.

Lakini ninaoupenda ni wa makumbi ya nazi. Sijui kama ni upendeleo wa mtu wa Unguja. Sisi tumekua tukiwaona kina mama wakifukia makumbi kwenye mchanga wa pwani, yakilainika yanapondwa na kutolewa usumba wa kusokotea kamba. Huku unauziwa ule ungaunga unaobaki baada ya nyuzi kutolewa, umeshindiliwa kuwa tofali kavu, mwingi ukitoka Sri Lanka na India. Tofali la gramu 650 unalitia kwenye beseni la maji ya vuguvugu, linafura mbele ya macho yako hadi linakuwa kama lita tisa. Nilimwonyesha dada yangu kwa video.

"Yaani mdogo wangu unanunua makumbi kwa pauni? Si ungesema nikuletee kontena!"

Acheke tu. Lakini makumbi ya kwetu nisingeyapandia nyanya vivi hivi, kwa kuwa yaliyolowekwa baharini yana chumvi. Ya viwandani, yale mazuri, yanaoshwa na kutibiwa kwa kalisi kwanza. Halafu tofali peke yake halina chakula cha maana. Ukitegemea makumbi matupu bila mbolea tangu mwanzo, mche utasimama tu unakutazama. Mfuko uliochanganya makumbi na magome, wenye mbolea ndani, ndio nyota zangu nne. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya bei.

Kuhusu mbolea, kilichomo ndani ya mfuko hutosha wiki nne hadi sita. Baada ya hapo ni juu yako. Kichala cha kwanza kikishika matunda mimi naanza mbolea ya maji ya nyanya, ile yenye potasiamu nyingi, kila wiki. Mbegu sizisii kwenye udongo wa chengachenga. Natafuta mfuko wa miche, au nachekecha.

Jambo moja linatisha. Taka za bustani na samadi huweza kubeba mabaki ya dawa za magugu, na nyanya ni dhaifu sana kwa dawa hizo: majani mapya yanajikunja na kuwa membamba, na hakuna tiba. Ukiwa na shaka na mfuko, panda maharage machache humo kwanza. Yakitoka yamejikunja, rudisha mfuko dukani na usione haya kudai pesa zako.

Na soma mfuko. "Organic" haimaanishi hauna piti, wala picha ya jani la kijani. Tafuta neno "peat-free" lenyewe.

Mbegu niliyopanda ni Money Maker, ambayo wakulima wa nyumbani Tanzania na Kenya wanaijua vizuri na asili yake ni huku huku Uingereza, pamoja na Sungold, vile vidogo vya rangi ya chungwa ambavyo watoto wanavimaliza kabla havijafika jikoni. Utamu sikuona umetokana na udongo. Huo ni wa mbegu na jua. Miche naitoa nje mwishoni mwa Mei, baridi ya kuua ikishapita. Agosti mvua ikikaa, bakajani chelewa, ule ugonjwa unaoozesha majani na matunda, inaweza kufagia kila kitu, na hilo mfuko wako hauhusiki nalo.

Msimu ukiisha udongo ule siurudishii nyanya. Naumwaga kwenye tuta, na mwaka unaofuata napanda mchicha juu yake, unaota bila kuuliza maswali.