Baba Yetu: ya Mathayo au ya Luka?

Anayejifunza kusali hapa Kigoma aanzie wapi, Mathayo 6:9–13 au Luka 11:2–4? Ya Mathayo ndiyo tunayoikariri kanisani: ni ndefu zaidi, Yesu anaonya kwanza tusipayuke-payuke, kisha anakazia kusamehe. Inafaa ibada ya pamoja.

Mimi huanza na Luka. Pale Yesu mwenyewe alikuwa akisali. Alipomaliza, mwanafunzi mmoja akamwomba awafundishe. Mfano ulitangulia somo! Halafu lile ombi, “utupe siku kwa siku riziki yetu”: kwa mvuvi wa dagaa wa Kibirizi, anayeingia ziwani usiku asijue atapata nini, halihitaji kufafanuliwa. Tena mara baada yake Yesu anasimulia mfano wa rafiki anayebisha hodi usiku wa manane, akiomba mikate mitatu bila kukata tamaa.