Uzoefu wangu na mikisa ya Behringer X32: kuelewa njia za sauti

Mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti) ya kidijitali ya Behringer X32, ambayo ninaitumia kwenye harusi na matamasha ya kwaya hapa Mtwara mjini na Mikindani, ninaipendekeza kwa moyo wote, ila kwa sharti moja: fundi mitambo ajifunze kwanza kurasa za njia za sauti kabla ya kuhangaika na mwangwi au ekwalaiza (kirekebishi cha sauti nzito na nyembamba). Kwenye mikisa za zamani, maiki iliyochomekwa tundu la tatu hutokea chaneli ya tatu, yaani safu ya tatu ya vidhibiti vya sauti. Kwenye X32, tundu na chaneli ni vitu viwili tofauti, na anayeviunganisha ni fundi mwenyewe, kwa kubonyeza kitufe cha Routing kilicho kando ya skrini.

Faida yake niliiona nilipoanza kutumia kisanduku cha jukwaani cha S16, chenye matundu 16 ya kuingizia sauti na 8 ya kutolea, ambacho huunganishwa na mikisa kwa kebo moja tu ya mtandao yenye ngao, kupitia soketi ya AES50, njia ya kidijitali inayobeba sauti nyingi kwa kebo moja. Lile bunda la nyaya lililokuwa likipita katikati ya wageni halipo tena. Hata hivyo, kuchomeka kebo peke yake hakuleti sauti, mpaka uielekeze mikisa kwamba chaneli 1 hadi 8 zichukue sauti kutoka AES50 A (soketi ya kwanza ya AES50) badala ya matundu yake ya nyuma. Awali uchaguzi huo ulifanyika kwa mafungu ya nane nane. Toleo la 4.0 la programu yake ndilo lililoruhusu kuchagua tundu moja moja, kwa hiyo anayenunua iliyokwisha kutumika aangalie kwanza toleo lililomo.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba geini, yaani kiasi cha kukuza sauti inapoingia, ni ya tundu, si ya chaneli. Maiki ya kiongozi wa kwaya huwa naipeleka kwenye chaneli mbili, moja kwa ajili ya spika za wasikilizaji na nyingine kwa ajili ya monita (spika za waimbaji jukwaani), ili kila moja iwe na ekwalaiza yake. Ukipandisha geini kwenye chaneli ya kwanza, ya pili nayo inapanda, na monita inaweza kuanza kupiga mluzi wakati hujaigusa kabisa.

Upande wa kutoa sauti kuna mikondo 16 ya kuchanganyia, ambayo mafundi huiita mabasi. Katika harusi moja ya Mikindani niliitwa kusaidia, nikamkuta mpiga kinanda akilalamika: "Fundi, mbona kila ukipunguza huko mbele, na mimi huku napotea?" Mkondo wa monita yake ulikuwa ukichukua sauti baada ya feda, kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti ya chaneli. Tuliubadilisha uchukue kabla ya feda, akaendelea kupiga. Mwangwi, kinyume chake, unapaswa kuchukua sauti baada ya feda, la sivyo mwimbaji anaposhushwa mwangwi wake unabaki ukisikika peke yake.

Kwa wanaorekodi, X32 yenye kadi ya USB hupeleka chaneli 32 kwenye kompyuta, na njia hizo nazo huchaguliwa kwenye kurasa hizo hizo. Mimi huzichukua moja kwa moja kutoka kwenye matundu, hivyo ninachorekebisha kwa ajili ya ukumbi, isipokuwa geini, hakigusi rekodi ya kwaya.